Kontena litakuwa nyumba, lakini litakaa wapi?

Wiki tatu zilizopita mpwa wangu alinijia nyumbani baada ya sala ya magharibi, mkononi ana daftari la shule lililojaa hesabu. Kijana huyu ni karani katika yadi moja ya makontena huko Changamwe, na kwa kuwa ndiye kifungua mimba wa dada yangu, mzigo wa mamake uko mabegani mwake. Aliniamkia, akakaa, akanywa chai yake kimya kimya. Kisha akalifungua daftari.

"Mjomba," aliniambia, "nimepata dawa ya nyumba ya mama."

Dawa yenyewe ilikuwa kontena.

Wasomaji wa pwani watafahamu mara moja kwa nini mamake anahitaji dawa. Dada yangu anakaa Kisauni katika nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe: vyumba sita, ukumbi katikati, ua nyuma, na baraza mbele ambapo kila alfajiri huuza mahamri na mbaazi. Nyumba ni yake. Kiwanja si chake. Kwa zaidi ya miaka thelathini wamelipa kodi ya kiwanja kwa mzee mmoja ambaye hakuwa mtu wa matata. Mzee huyo alipofariki, warithi waliuza, na mnunuzi anataka kujenga nyumba za ghorofa. Ametoa notisi ya miezi mitatu, kama sheria inavyomtaka. Mwezi mmoja umekwisha kupita.

Basi sikuweza kuyacheka mambo ya daftari, ingawa mwanzoni nilitamani. Niliamua kuyachunguza, na haya ndiyo niliyoyaona.

Siku hizi kontena si kitu kigeni machoni petu. Shika barabara kuu kutoka Mazeras hadi Mlolongo, utayaona yamegeuzwa maduka, vinyozi, hoteli za chapati na vituo vya polisi. Jambo jipya ni kwamba watu wameanza kulala humo. Matangazo yanawaonyesha makabwela na matajiri pia makontena yaliyopakwa rangi ya samawati, yenye madirisha ya vioo na maua mlangoni, na kuwaambia kwamba hii ndiyo nyumba ya bei nafuu. Picha zenyewe ni tamu. Pamoja na makontena hutangazwa nyumba za kuunganishwa, ambazo kuta zake hutengenezwa kiwandani na kuletwa kwa lori, kama zile za bodi za povu zinazotolewa na kiwanda cha Shirika la Nyumba la Taifa kule Mavoko. Hizo za bodi sitazieleza kwa kirefu. Zikishawekewa wavu wa waya na kupigwa plasta ya saruji, huwa ni nyumba kama nyingine yoyote, na ukitaka kuihama utaiacha. Kontena ndilo lenye tabia yake peke yake.

Sanduku hili halina umri mkubwa. Tarehe 26 Aprili 1956 Mmarekani aitwaye Malcom McLean, aliyekuwa na biashara ya malori, alipakia masanduku makubwa 58 katika meli Ideal-X kule Newark, yakateremshwa Houston. Kabla ya hapo shehena zilibebwa gunia kwa gunia, na wazee waliofanya kazi ya ukuli Kilindini wanaweza kukuonyesha migongo yao. Leo karibu kila tunachonunua dukani kimepita ndani ya kontena. Mwaka wa 2024 bandari ya Mombasa ilipitisha zaidi ya milioni mbili, kwa hesabu ya makontena ya futi 20. Na kwa kuwa nchi yetu huagiza vingi kuliko inavyouza nje, mengi huja yamejaa na kurudi matupu. Likishatumika baharini miaka kumi au kumi na mitano, mwenyewe huona heri aliuze palepale lilipo. Ndiyo maana mji wa bandari haukosi makontena makuukuu, na ndiyo maana karani wa yadi ndiye wa kwanza kufikiri kuhamia ndani yake.

BORITI

Mpwa wangu alinieleza vipimo. Kontena la futi 40 lina urefu wa mita 12 na kitu. Kwa nje upana wake ni futi nane. Kwa ndani unabaki futi saba na inchi nane, yaani mita mbili na sentimita 35, na hapo hujaweka chochote cha kuzuia joto. Nilimwuliza, "Hicho ni chumba au ni ujia?"

Lakini usiku ule nilijirudi. Nilizikumbuka nyumba za mawe za Lamu, mji ambao tangu mwaka wa 2001 umo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Aliyeingia katika nyumba hizo anajua kwamba vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kimoja nyuma ya kingine: msana wa tini, msana wa yuu, kisha ndani. Upana wake kwa kawaida haufiki mita tatu. Sababu si ubahili wa waliojenga. Dari ilishikiliwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haiwezi kubeba uzito wa mawe na chokaa ikiwa ndefu kupita kiasi hicho. Mti ndio uliopima chumba. Boriti hizohizo zilisafirishwa kwa majahazi hadi Arabuni na Ghuba, na kule nako zikapima vyumba vya watu, mpaka serikali ya Kenya ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka wa 1982.

Kwa hiyo anayedai kwamba mtu hawezi kuishi kwa heshima katika chumba chembamba, na aende Lamu akatazame. Mabibi na mabwana waliishi humo, wakatia zidaka ukutani, wakaozesha mabinti zao. Tofauti ya sentimita chache kati ya msana na kontena si jambo la kumfanya mtu akose usingizi.

Kilichofanya chumba kile chembamba kikalike ni mambo mengine matatu. Dari ilikuwa juu. Kuta zilikuwa za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi cha mkono wa mtu kutoka kiwiko hadi vidoleni, ambazo jua la saa nane haliwahi kuzipenya kabla halijatua. Na mbele ya vyumba palikuwa na kiwanda, ule ua ulio wazi juu, ambao hewa na mwanga viliingilia bila ya jirani kuchungulia. Ukuta wa kontena una unene wa milimita mbili hivi. Na kiwanda hakiji na sanduku.

JOTO

Habari ya kuishi ndani ya bati Wakenya hatuhitaji kufundishwa. Waulizeni askari polisi. Tangu siku za mkoloni askari wetu wamelazwa katika vibanda vya mviringo vya bati vinavyoitwa Uniport, ambavyo viliagizwa kwa sababu ilezile tunazoambiwa leo: vyaunganishwa haraka, vyahamishika, havina gharama kubwa. Mchana ni tanuri, usiku ni barafu. Vingine vilikaliwa na familia mbili zilizotenganishwa kwa pazia. Septemba mwaka wa 2018 serikali ilipotangaza kwamba askari watapewa marupurupu ya nyumba na kwenda kupanga miongoni mwa raia, vibanda hivyo vilikuwa bado vina watu.

Wala si sisi tu. Nchini Uingereza mabaraza kadhaa ya miji yaliweka familia zisizo na makao ndani ya makontena yaliyogeuzwa nyumba. Mwezi wa Agosti mwaka wa 2019 Kamishna wa Watoto wa nchi hiyo alitoa ripoti iliyoyalaumu makao hayo: wakati wa kiangazi yana joto kali, wakati wa baridi yanaganda, na watoto hawana mahali pa kuchezea. Ikiwa jua la London linaweza kulifanya kontena lisikalike, jua la Kisauni la mwezi wa Februari litafanya nini?

Hata hivyo lazima nisema kweli: joto lina dawa yake. Nilikwenda na mpwa wangu kumwona mzee mmoja huko Mariakani ambaye analala katika kontena mwaka wa nne sasa, na nilipoingia saa saba mchana sikutoa leso kujipangusa. Mzee huyu si mhandisi, lakini amefanya mambo ambayo mhandisi angemsifia. Juu ya kontena amesimamisha paa la pili, la makuti, lililoachana na chuma kwa kiasi cha futi mbili, hata upepo ukapita katikati na jua likaishia kwenye makuti. Amelielekeza ili pepo za kaskazi na kusi ziingie ubavu mmoja na kutokea wa pili, na madirisha yake yanatazamana. Ndani ametia bodi za povu, kisha mbao. Na upande wa machweo ameacha mwarobaini uliokuwapo pale kabla yake.

"Wenzangu waliukata mti kwanza ndipo wakaleta kontena," alituambia, akicheka. "Sasa mchana kutwa wanakuja kukaa hapa kwangu."

Alitupa na maonyo ambayo nayaeleza hapa kwa faida ya wengine. Nguvu ya kontena imo katika nguzo zake nne za pembeni na fremu yake, pamoja na mikunjo ya zile kuta. Kila unapokata dirisha au mlango unaidhoofisha, na pasipochomelewa fremu ya chuma kuzunguka tundu, paa litaanza kubonyea. Sakafu yake ni ya mbao zilizotiwa dawa kali ya kuua wadudu, kwa hiyo si ya kumlaza mtoto juu yake bila ya kuifunika au kuibadilisha. Mlangoni pana kibao cha chuma kinachotaja mwaka lilipoundwa na dawa iliyotiwa kwenye mbao, na ni vizuri kukisoma kabla ya kutoa pesa. Uulize pia lilibeba nini. Lililobeba mchele na lililobeba kemikali hayafanani, hata kama yamepakwa rangi moja. Na hewa ya chumvi hula chuma mchana na usiku. Aliye karibu na bahari ajue kwamba rangi ni sehemu ya kodi yake.

HAIPANDI LORI

Sasa nije kwenye pesa. Haya ndiyo yaliyokuwa daftarini, kwa bei alizotajiwa mpwa wangu mwenyewe. Kontena la futi 40, lile refu kwa kimo, shilingi 380,000. Lori na kreni ya kulishusha, 45,000. Nguzo za zege za kulikalisha, 30,000. Kukata milango na madirisha na kuchomelea fremu, 90,000. Povu, mbao na dari, 210,000. Umeme, 60,000. Choo, shimo lake na mifereji ya maji, 150,000. Paa la pili, 85,000. Rangi, 25,000. Jumla ni shilingi 1,075,000.

Msomaji ataona mara moja jambo ambalo matangazo hayalisemi. Lile sanduku lenyewe, ambalo ndilo linalotajwa kwa herufi kubwa, ni zaidi kidogo tu ya thuluthi ya gharama. Thuluthi mbili zilizobaki ni za kulifanya lisiwe sanduku. Nilimwendea fundi mwashi ninayemwamini, nikamwuliza bei ya kujenga kwa matofali ya saruji nafasi hiyohiyo ya mita 28 za mraba, pamoja na choo. Akapiga hesabu kwa vidole, akaniambia milioni moja na laki moja, au chini kidogo nikimpa kazi kabla ya mvua.

Nilirudi kwa mpwa wangu nikidhani nimemshinda. Nikamwambia, "Mwanangu, umeona? Hakuna unafuu. Unachookoa ni muda tu. Fundi wako wa kuchomelea atamaliza kwa wiki tatu, mwashi wangu kwa miezi minne. Lakini bei ni moja."

Aliniangalia kidogo, akasema, "Naam, mjomba. Lakini nyumba ya mawe haipandi lori."

Sikuwa na jibu. Nilinyamaza kwa sababu maneno yale yalinirudisha mbali sana.

Mwaka wa 1971, nami nina miaka tisa, tulihamishwa Majengo. Baba naye alikuwa amejenga katika kiwanja cha mtu. Siku notisi ilipokwisha aliamka alfajiri akapanda juu ya nyumba yake mwenyewe, akaanza kung'oa mabati, moja baada ya moja, akihesabu misumari na kuinyoosha. Akaondoa madirisha. Akaondoa boriti zilizokuwa nzima. Mwisho akautoa mlango wa mbele, wa mvule, aliouagiza kwa seremala kabla ya kuoa. Vyote vikapakiwa kwenye mkokoteni. Kilichobaki ni kuta za udongo na fito zilizosimama bila ya kichwa, na masika ya mwaka ule yaliponyesha zikayeyuka zikawa kichuguu. Mlango ule bado ninao nyumbani kwangu.

Desturi hii ya nyumba bila ardhi ni ya kale huku kwetu. Sheria ya Kiingereza hushikilia kwamba kilichokitwa ardhini ni cha mwenye ardhi. Desturi ya pwani, yenye mizizi katika sheria ya Kiislamu, iliweza kukubali kwamba nyumba ni ya huyu na udongo ulio chini yake ni wa yule, na wawili hao wakaishi kwa kodi ndogo na kwa kuheshimiana. Ilipoletwa sheria ya hati za ardhi ya mwaka wa 1908, iliyowataka watu wa pwani wadai na kuthibitisha miliki zao, waliojua kuandika na waliokuwa karibu na ofisi walipata hati. Wengi wengine, hasa Wamijikenda katika mashamba yao, waliamka wakajikuta maskwota. Mitaa mingi ya Mombasa ilikua juu ya mpango huo: mwenye hati hapa, wenye nyumba pale, na katikati yao neno la mdomo. Maadamu kiwanja kilikuwa cha bei ndogo, neno lilitosha. Siku hizi kila futi ya kisiwa na ya Kisauni ina mnunuzi.

Kwa hiyo mtu anayetaka nyumba inayopanda lori si mjinga wala si mpenda mitindo ya kizungu. Amesoma nyakati. Amesikia habari za Mukuru kwa Njenga, Nairobi, mwaka wa 2021, ambako maelfu kwa maelfu ya watu walibomolewa ili kupisha barabara. Ameona picha za Mavoko, Oktoba mwaka wa 2023, ambako nyumba za mawe, nyingine za ghorofa, ziliangushwa na matingatinga kwa sababu waliowauzia wenyewe viwanja hawakuwa na haki ya kuviuza. Watu waliotia akiba ya maisha yao katika saruji walisimama kando na magodoro. Mwenye kontena angeita lori.

Ndivyo ninavyoona mimi: kontena linanunuliwa kwa jina la nyumba ya bei nafuu, lakini kinachonunuliwa hasa ni ruhusa ya kukimbia. Ni nyumba ya baba yangu iliyorahisishwa, isiyohitaji kung'olewa misumari.

Na hapo ndipo ninapoingiwa na wasiwasi. Nyumba iliyo tayari kuondoka ni rahisi kuondolewa. Mwenye nyumba ya vyumba sita, kisima na mwembe alioupanda mwenyewe ana la kusema mbele ya hakimu. Hata akishindwa, kuna kitu cha kufidiwa. Mwenye kontena ataambiwa, pakia uende, hujapoteza kitu. Benki nayo haitamtazama. Nchi nzima hii yenye watu zaidi ya milioni 47, kwa hesabu ya mwaka wa 2019, ina mikopo ya nyumba takriban 30,000 tu, na hiyo hutolewa kwa rehani ya ardhi. Chuma kisicho na ploti si rehani ya mkopo huo.

Tena kitu kinachoitwa cha muda kina desturi ya kuzeeka nasi. Baada ya vita vya pili vya dunia Waingereza waliunda viwandani nyumba za muda zaidi ya 150,000, kwa sheria waliyoipitisha mwaka wa 1944. Zilikusudiwa kukaa miaka kumi, au kumi na mitano zikitunzwa. Kule Catford, kusini mwa London, mtaa mzima wa nyumba hizo 187 ulikuwa bado na wakazi baada ya miaka 60. Lakini tusiwaonee: wale waliwekewa bustani, choo cha ndani na jiko lenye friji, na ardhi ilikuwa ya baraza la mji. Wengi walizipenda hata wakakataa kuhamishwa. Bati lao lilikuwa na mahali pa kukaa.

Serikali yetu haijalala, hilo nalikiri. Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makao yanayofaa. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka wa 2024 inakata asilimia moja na nusu ya mshahara wa kila mwajiriwa, na mwajiri naye hutoa kiasi hichohicho. Mpwa wangu analipwa 42,000, kwa hiyo kila mwezi 630 zinakwenda. Hanung'uniki sana. Anachouliza ni ghorofa ipi ya nyumba hizo itamfaa mamake. Sheria imetenga nyumba za wenye kipato cha chini ya shilingi 20,000, na dada yangu yumo humo bila ya shaka yoyote. Lakini mapato yake yako katika kikopo cha maziwa ya unga, hayana hati ya mshahara, na biashara yake ni baraza. Mweke ghorofa ya saba uone nani atapanda ngazi alfajiri kununua mahamri ya shilingi kumi. Nyumba aliyonayo humpa riziki, na ule ua wa nyuma ndiko majirani wanawake hukutana, hupika shughuli na kuliwazana misiba.

Pwani hii masanduku tunayo tele. Kinachotakiwa ni ardhi ambayo mtu akiweka kitu juu yake, kiwe cha chuma au cha makuti, hataambiwa aondoke. Na jambo hilo si muujiza. Huko Likoni, shamba la Waitiki la ekari 930, lililokuwa na ugomvi wa miaka mingi, lilinunuliwa na serikali na wakazi wakaanza kupewa hati mwezi wa Januari mwaka wa 2016. Mpango ule ulikuwa na kasoro na manung'uniko yake, lakini hakuna aliyehitaji kuita lori.

Jumamosi iliyopita tulimpeleka dada yangu yadini akalione kontena lenyewe. Alivaa buibui lake jipya kama anayekwenda kuposa. Aliingia ndani, akalipiga ukuta kwa kiganja, akasikiliza mlio. Akauliza, "Lilibeba nini?" Akaambiwa vipuri vya magari. Akapima kwa hatua zake kutoka mlangoni hadi mwisho, akarudi, akasimama katikati.

"Ndani sina neno," alimwambia mwanawe. "Lakini baraza utaniwekea wapi? Na ua?"

Mpwa wangu akamweleza kwamba hivyo vitategemea kiwanja. Akasema amepata ploti Mazeras, futi 40 kwa 80, kando ya njia ya matatu, watu wanapita, na bei yake akiongeza mkopo wa chama chake ataiweza. Muuzaji ana barua ya chifu na mapatano yaliyopigwa mhuri wa wakili. Hatimiliki hana. Asema inashughulikiwa.

Dada yangu akanigeukia. "Kaka, wewe wasemaje?"

Nilisema tungoje. Kontena tumelilipia arubuni ya shilingi 20,000, na mwenye yadi amekubali kutuwekea kwa mwezi mmoja. Karatasi za kontena nimezisoma zote, hazina kasoro: limeundwa mwaka gani, limeingia kwa meli gani, ushuru umelipwa lini. Za ploti ni zile mbili tu. Jumatatu mimi na mpwa wangu tutakwenda ofisi ya ardhi kufanya upekuzi wa ile namba, tujue udongo ule ni wa nani hasa. Dada yangu ameniagiza nisirudi bila ya jibu. Ameniagiza pia kwamba ule mlango wa baba, ikiwa sina kazi nao, nimpelekee. Fundi wa kuchomelea ameupima. Asema utaingia, ila chuma kikatwe inchi nne zaidi.